Usonji wa mjukuu wangu haukuanzia kwa mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefundisha hesabu wilayani Mpwapwa, na sasa nasaidiana na binti yangu kulea mwanawe mwenye usonji (autism), hali ya ubongo inayogusa namna mtu anavyoongea na kuhusiana na wenzake. Nimechoka kusikia mama wa watoto hawa wakishitakiwa, na ndiyo maana naandika.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne madaktari walipothibitisha hali yake. Upande wa baba yake wakaitisha kikao. Nilikaa mkekani nikayasikia yote: kwamba binti yangu alichoma sindano za uzazi wa mpango kabla ya kushika mimba, kwamba alimpa mtoto simu angali mchanga, kwamba chanjo ya surua ndiyo iliyomfunga ulimi, kwamba kuna mwiko aliuvunja akiwa mjamzito. Shangazi mmoja akauliza waziwazi mtoto huyu ni wa nani hasa, maana kwao hawajawahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Binti yangu alikuwa analia, hakuweza kujibu. Nikajibu mimi, na niliyoyasema pale nataka yasomwe na wengi, hasa akina mama wakwe.

Watu wa namna hiyo wapo. Wapo kwetu na wapo kwao.

Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa mfugaji upande wa Kibakwe. Kusoma hakujua. Jioni ng'ombe wakirudi alisimama mlangoni pa zizi akawaingiza mmoja mmoja kwa mpangilio alioujua mwenyewe: ndama nyuma ya mama yake, mitamba wa mama mmoja pamoja, dume mwisho. Ng'ombe mmoja akipenya nje ya zamu, baba aliwatoa wote na kuanza upya, hata kama giza limeshaingia na fisi wanalia mlimani. Ungemwonyesha ng'ombe yeyote angekutajia mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake, na alinunuliwa kwa nani. Lakini ukikutana naye njiani ukamwamkia, alipita kama hajakuona, na watu wakasema ana maringo. Ngoma ya muheme ikianza kupigwa alitoka akaenda kukaa shambani katikati ya uwele, viganja masikioni, mpaka wanawake wamalize. Alifanya hivyo hata siku niliyoolewa. Mama alimpelekea chakula chake huko huko shambani, bila ugomvi wala maelezo kwa wageni. Namshukuru mama yangu kwa hilo mpaka leo.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi redio. Anaipakata redio mbovu mapajani, anaigonga kwa ukucha, anasikiliza, kisha anakwambia kilichoharibika kabla hajaifungua. Hajaoa. Chai anainywea kwenye kikombe kimoja cha bati, na mlenda ukigusana na ugali kwenye sahani anaacha kula. Ukimpata siku ya maongezi atakueleza habari za masafa ya redio mpaka uage, na hataona kwamba umeshasimama zamani. Hakuna aliyewahi kumpima, nami si mtaalamu wa kumpa jina la hali yake. Nasema tu kwamba tabia hizi nimeziona kwa baba, nikaziona kwa ndugu yangu, na sasa naziona kwa mtoto wa binti yangu.

Na kwa mkwe wangu? Yule shangazi nilimkumbusha baba yake mdogo, aliyechelewa kusema hadi wakamdhania bubu, kisha akaja kuwa karani wa ghala anayekumbuka uzito wa gunia la kila mkulima tangu msimu wa mwaka juzi. Wazee wawili wa upande wao waliitikia kwa kichwa. Wanamkumbuka vizuri.

Mjukuu mwenyewe haongei sana bado. Nikichambua maharage kwenye ungo anakuja kukaa pembeni yangu, anachukua punje moja moja na kuzipanga kwenye ukingo wa mkeka: za njano peke yake, nyekundu peke yake, zenye madoa kwa kadiri ya wingi wa madoa. Mimi naona maharage yale yote ni sawa. Yeye anaona tofauti. Kuku akipita akivuruga mstari, analia kilio cha uchungu kweli, halafu anazikusanya zote na kuanza mwanzo. Nani alimfundisha? Babu yake mkuu alifariki kabla hata mama yake hajazaliwa.

Enzi zetu chuoni hatukufundishwa haya. Nimeyasoma uzeeni, na historia yake imenisikitisha. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11 wenye hali hii. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna naye akaandika habari za watoto aliowaona huko kwao. Wote wawili waligusia kwamba baadhi ya wazazi walikuwa na tabia zinazofanana na za watoto wao, ila kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo wangeulizia habari za ukoo. Lakini kwa miaka mingi wakubwa wa taaluma hiyo walifanya kama kilivyofanya kikao chetu: walisema mtoto kawa hivyo kwa sababu mama yake ana moyo wa baridi. Wanawake wengi wa Marekani na Ulaya waliishi na hukumu hiyo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliipinga kwa kitabu mwaka 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa yai moja, wale wanaofanana kwa urithi, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za mapacha wa mayai mawili, hakukuwa na hata jozi moja ya hivyo. Hesabu ni ndogo, ila nimefundisha hesabu na najua inaelekea wapi: kwenye urithi. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa nchi tano uliofuatilia watoto zaidi ya milioni 2, na ukaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika kupata usonji inatokana na vinasaba, yaani chembe za urithi.

Vinasaba hivyo si kimoja, vinahesabika kwa mamia, na kila mzazi anatoa sehemu yake. Sisi wa Mpwapwa hatuna sababu ya kushangaa. Tuko jirani na kituo cha utafiti wa mifugo ambako ng'ombe aina ya Mpwapwa alizalishwa kwa kuchanganya damu ya zebu wetu na ya ng'ombe wa Bara Hindi kama Sahiwal na Red Sindhi. Kila mfugaji hapa anajua kwamba sifa ya bibi inaweza kujificha kwa mama ikajitokeza kwa ndama, na hakuna anayempiga ng'ombe fimbo kwa hilo.

Sisemi kila mtoto mwenye usonji amerithi. Wapo ambao badiliko la vinasaba limeanza kwao wenyewe, halipo kwa baba wala kwa mama. Wapo waliozaliwa njiti, na utafiti uliofanyika hapa nchini na kuchapishwa mwaka 2006 ulieleza watoto ambao dalili zao zilianza baada ya malaria kali. Ila chanjo haimo. Makala ya mwaka 1998 iliyozua maneno hayo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapisha. Watu wanachanganywa na kalenda: chanjo ya surua na rubela inatolewa miezi 9 na miezi 18, na umri huo huo ndio mzazi anaanza kuona kwamba mtoto haiti "mama" wala haonyeshi kitu kwa kidole. Tafadhali msiwanyime watoto chanjo.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Nilipoanza kuyasema haya hadharani, dada yangu mkubwa alinijia juu. Alisema: ukitangaza ni ya ukoo, mabinti zetu nani atawaoa? Hofu yake ina msingi. Kwetu mshenga akija, wazee wanauliza: kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Tukiongeza usonji kwenye orodha hiyo, tutakuwa tumemtoa mama mmoja kwenye lawama na kuwatia wasichana kumi. Nimelifikiria hili usiku mwingi, na bado nasema tuseme. Tukinyamaza lawama haipotei, inatua palepale kwa mwanamke aliyezaa. Na huyo mchumba atakwenda kuoa wapi? Tabia hizi zimetawanyika kwenye koo zote, ila kwingine zinaitwa ubishi, kwingine ukimya, kwingine "mzee wetu alikuwa hivyo hivyo". Mshenga wa mpwa wangu alipokuja nilimweleza yote mimi mwenyewe, na nikamweleza pia kwamba ukame wa miaka ya sabini ulipomaliza mifugo ya majirani, baba yangu alibaki na mbegu kwa sababu alijua kila ng'ombe anavumilia nini. Wamesema wanakwenda kushauriana. Washauriane wakiwa na ukweli mkononi.

Binti yangu naye, baada ya kikao kile, aliniuliza kama nakumbuka alivyokuwa mdogo. Nakumbuka. Hakupenda kushikwa, lebo ya sare ilimtoa machozi, rafiki yake alikuwa mmoja miaka yote ya shule. Kwa kuwa alikuwa mpole na anafaulu, hakuna aliyeuliza kitu. Wasichana wengi hupita hivyo. Sasa anasema anamwelewa mwanawe kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba, nami namwona: akizimiwa redio na kupunguziwa maneno, mtoto hutulia kwake ndani ya dakika chache.

Ana mimba ya pili. Mtoto anayezaliwa nyuma ya ndugu mwenye usonji anakuwa nao katika takriban familia 1 kati ya 5. Sitishi mtu kwa tarakimu hiyo, maana wanne kati ya watano hawana. Lakini kwa sababu hiyo naomba wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wawe wanauliza habari za ndugu na za wazee, bila kunyoosha kidole, na wakisikia jambo wamfuatilie mdogo kwa karibu: akifika mwaka mmoja anageuka akiitwa jina? Akifika mwaka na nusu anaonyesha kwa kidole? Tulipoteza miaka miwili tukiambiwa "wavulana huchelewa".

Kwa Wizara ya Elimu: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma na wenzake. Shule ya kwanza tuliyompeleka walituambia hawana mwalimu. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Chuo cha Patandi kule Arusha. Naomba waletwe pia Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chemba, wasiishie mijini.

Na kwenu bibi na babu wenzangu: mkimsindikiza mjukuu hospitalini msikae nje kwenye benchi. Ingieni mkaseme nani alichelewa kusema, nani alikimbia ngoma, nani alikula peke yake. Daktari kijana hawezi kuyajua hayo, na mama wa mtoto hakuwepo.

Naomba jina langu lisichapishwe, kwa ajili ya mtoto.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma