Barua kwa mwanangu: nani atabaki kinuni?

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako wa kuacha kazi bandarini ili uchore nimeusikia. Eti John Constable, yule mchoraji Mwingereza wa zamani, naye aliikataa biashara ya babake. Mama, mimi niko Ipswich, hapa Uingereza. Flatford, kwenye kinu cha wazee wake cha kusaga nafaka, kwangu ni pua na mdomo, na kinu chenyewe bado kimesimama kando ya mto Stour. Usinisimulie nusu hadithi.

Mzee Golding Constable alikuwa na vinu, tena na chombo cha kupeleka nafaka London. Mtoto wa kwanza wa kiume alikuwa na maradhi, ikatarajiwa John ashike kazi, na kweli alifanya kinuni kwa muda. Mwaka 1799 mzee akaridhia aende kusoma Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, akampa na posho. Je, kinu? Kilishikwa na mdogo wake, Abram. Ndiyo maana mwaka 1802 John aliweza kukataa ualimu wa kuchora katika chuo cha jeshi. Wewe ukikataa mshahara, Abram wako nani? Salim? Salim asiache shule.

Mchumba wake, Maria Bicknell, alimngoja miaka saba. Walioana 1816, mzee kesha fariki na urithi umepatikana. Mchoro wake The Hay Wain, ule wa mkokoteni mtoni, ulikosa mnunuzi London 1821, Wafaransa ndio wakaupa medali ya dhahabu 1824. Uanachama kamili wa Academy aliupata 1829, ana miaka 52, mkewe yuko kaburini. Miaka yote hiyo kuna mtu anasaga ngano.

Picha yako ya ngalawa za Sahare nimeitundika kazini, wazee ninaowahudumia wanauliza nani kachora. Mawingu umeyapatia. Lakini Constable alipochora mawingu Hampstead, huko London, aliandika nyuma tarehe, saa, hata upepo unatoka wapi. Mtoto wa kinuni huyo. Wewe hata jina hujaweka!

Najua tangu niondoke wewe ndiye Abram wa nyumba hiyo, usinikumbushe. Ndiyo nauliza: ukitoka wewe, nani?

Chora Jumamosi na Jumapili kwanza, mpaka Salim amalize kidato cha nne. Dawa ya presha ya bibi inunuliwe kabla ya rangi. Na yule fundi, mabati ya jikoni kaweka au kala pesa? Nipigie usiku, mchana niko zamu.

Mama yako