Wajukuu zangu mlio mbali, mabega yenu yako wapi?

Mbukwenyi wajukuu zangu. Barua hii nawaandikia nyie watoto wa Dodoma mliotawanyika, mlioko Uingereza, Marekani, Uarabuni, na nyie mliozaliwa hukohuko mkija likizo mnakosa hata pa kuweka mikono. Simu zenu nazipokea. Mmoja analala masaa kumi anaamka kachoka, mwingine tumbo linamsokota kila Jumatatu, na mmoja kaniambia bibi kazi ninayo, hela napata, ila naona ka nimepanga ndani ya mwili wangu mwenyewe. Hilo neno lilininyima usingizi.

Mwaka 2004 nilienda Leeds kumlea mtoto wa binti yangu, nikakaa miezi saba. Kule mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mimi nimezoea jua la huku, mwaka mzima linatoka saa kumi na mbili na ushee linazama saa kumi na mbili na ushee, sasa unaosha vyombo vya mchana unaona nje giza linaingia. Shingo ikaanza kuuma. Daktari akapima akasema haoni kitu, nami nikaamini sina kitu.

Siku moja naoga, mkono ukapita begani, nikakuta bega liko juu karibu na sikio, gumu ka kinu. Nikalishusha. Dakika mbili nyingi, limepanda tena. Basi nikaanza kulifuatilia: kwenye basi liko juu, dukani nikihesabu hela liko juu, nikiongea kile Kiingereza changu cha kuungaunga ndo kabisa, na sauti inatokea puani. Yani mwili ulikuwa umekaa mkao wa mtu anayesubiri kufukuzwa, na mwenyewe sina habari.

Jioni moja binti akaweka kanda ya ilimba, ile ala yetu ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Nikachukua ndoo ya plastiki, nikakaa kwenye stuli nikaibana katikati ya mapaja vile sisi wanawake wa Kigogo tunavobana muheme, ngoma yetu, nikapiga. Muheme ukikaza mabega haupigiki, lazima yaachie. Yakaachia. Nililia sana, na usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Kwahiyo wanangu, hilo swali la mimi ni wa wapi msilianze saa nane usiku, halijibiki saa hizo. Ulizeni taya, tumbo, nyayo. Taya likikaza ukiwa kazini usilifokee, angalia nani kaingia chumbani. Na mengine wala si upweke: ngozi nyeusi inataka jua zaidi ili itengeneze vitamini D, ndo maana huko Uingereza wataalamu wa afya wanawashauri watu weusi wafikirie kumeza maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Uchovu una sababu nyingi, nendeni mkapimwe damu.

Sisemi mwili ubaki huku kwetu Chamwino. Huku mtu akikaa pembeni yako bila salamu kakudharau, kule anakuachia nafasi yako upumzike, ni heshima yao. Kichwa changu kilielewa hilo wiki ya kwanza. Bega lilichukua miezi minne! Upeni mwili muda wake, msiuite mshamba.

Na nyie mliozaliwa huko, nina neno na ndugu zenu wa huku kwanza. Mwaka jana harusini nilimwona binti kasimama ukutani kajikumbatia kwa mikono yake mwenyewe, shangazi zake wanamcheka eti mabega hayajui kucheza. Iliniuma. Mtoto kasafiri siku nzima aje kwenu halafu mnamcheka mwili? Nikamwita, nikamkalisha jirani yangu, nikampa ngoma. Mara ya kwanza akaibana mbali ka anaogopa itamchafua gauni, nikamsogezea magoti kwa mkono wangu, nikamwambia pumua. Mdundo alikosea, akakosea tena, watu wakazoea wakaacha kuangalia, na hapo ndo nikaona shingo yake inarefuka.

Mwezi wa saba mkija kutakuwa na upepo na vumbi, bebeni sweta. Mtanikuta. Ngoma tatu nimeshaziwambisha ngozi upya, moja ndogo, ya wale wenye mapaja membamba.

Bibi yenu, Chamwino