Risala ya Kamati ya Haki na Amani ya Parokia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuombea Amani, 1 Januari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Baba Paroko, Waheshimiwa Madiwani, wenyeviti na watendaji wa vijiji, masheikh na viongozi wa makanisa jirani mliopokea mwaliko wetu, wazee wetu, wakulima na wafugaji, mabibi na mabwana:

Tumsifu Yesu Kristo. Assalamu alaikum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuja licha ya majukumu mengi, na licha ya barabara, ambayo leo hatutaisema kwa kuwa umeipita mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kanisa huadhimisha Siku ya Amani Duniani kila 1 Januari tangu mwaka 1968, ilipoanzishwa na Papa Paulo VI. Kamati yetu, inayopatanisha wakulima na wafugaji, ni mtoto wa juzi katika historia hiyo. Ilianzia chini ya mwembe, ikahamia darasa la katekesi, na sasa ina chumba chake. Wajumbe ni saba, watatu kati yao akina mama, kwa mfano wa baraza la ardhi la kijiji lilivyowekwa na sheria. Wawili ni wafugaji.

Mafanikio yetu ni makubwa na ya kujivunia. Tumepata kabati la chuma lenye kufuli mbili, viti vya plastiki 12, muhuri, na futikamba ya mita 50. Wanaocheka kusikia futikamba ikihesabiwa kuwa mafanikio tunawaomba wavute subira kidogo.

Bwana wetu alisema, "Heri wapatanishi" (Mathayo 5:9). Kupenda amani hakugharimu kitu na kila aliyeketi hapa anaipenda. Kupatanisha ni kazi, na kazi ina utaratibu wake. Shamba likilishwa usiku, jambo la kwanza ni kwamba ng'ombe hawafungiwi. Ng'ombe akikaa siku mbili zizini kwa mtu bila maji, mwezi wa kumi, anaweza kutupa mimba au kufa, na mkulima aliyelala mdai anaamka mdaiwa. Wanahesabiwa, alama zao za moto zinaandikwa, mchunga anaweka saini, wanaondoka. Siku hiyohiyo tunaingia shambani na afisa ugani, pande zote mbili zikiwepo. Hapo ndipo futikamba inapofanya kazi: tunapima miraba mitatu ya mita 10 kwa 10 na kuhesabu mashina. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 huwa na mashina kama 440 katika mraba mmoja. Yaliyosimama yakijulikana, yaliyoliwa yanajulikana, na maneno "wamemaliza shamba zima" yanaishia hapo.

Mahindi machanga, ambayo hayajavuka majani sita, hatuyafungii hesabu siku hiyo. Sehemu yake ya kukulia bado iko chini ya udongo, hivyo tunarudi baada ya siku saba hadi kumi kuona yaliyochipua. Yaliyokwisha kutoa mbelewele yakivunjwa, yamekwenda. Kitabu cha Kutoka 22:5 kinamtaka aliyelisha shamba la mwenzake alipe kwa vilivyo bora vya shamba lake mwenyewe. Lakini lazima ijulikane analipa mashina mangapi.

Kisha tunapanda ngazi za Mathayo 18: wawili peke yao, wakishindwana mashahidi wawili au watatu, wakishindwana tena mbele ya wote. Mapatano huandikwa nakala tatu, yakitaja kiasi, tarehe na mahali pa kulipia. Ya mdomo huvunjika kwenye awamu ya pili ya malipo. Siku ya kikao mjumbe hali wala hanywi kwa upande wowote, hata chai, kwa maana maziwa ya upande mmoja hunuka upande wa pili. Damu ikimwagika hatupatanishi. Hilo ni la polisi.

Wala hii si kazi ya hisani tu, Mheshimiwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linapatanisha, ndani ya siku 30, kabla shauri halijakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mpatanishi sasa ndiye mlango wa kwanza, na asiyejua kuhesabu mashina anaupeleka ugomvi mbele ukiwa mbichi.

Hayo tunayaweza. Tunaweza hata ugomvi wa mbaazi, ambao hutuchosha kila mwaka. Mkulima anavuna mahindi na kubakiza mbaazi zilizochanganywa humo hadi Agosti au Septemba. Mchunga anaona mabua makavu, anadhani shamba limeachwa. Tumewaomba wakulima wafunge kitambaa chekundu kwenye mti pembeni mwa shamba lenye mbaazi, na wengi wamekubali.

Tusichokiweza ni kupatanisha kiu. Watu tunaowaketisha mwezi Machi tunawaketisha tena Septemba, walewale, kwa mashamba yaleyale, kwa sababu mashamba hayo yako kati ya ng'ombe na mto. Wachunga wa Abramu na wa Lutu walipogombana, Abramu aliweza kusema wewe ukienda kushoto mimi nitakwenda kulia (Mwanzo 13). Kwetu kushoto kuna mpunga na kulia kuna hifadhi. Isaka ndiye anayetufaa zaidi. Wachungaji wa Gerari walimgombania kisima cha kwanza akakiita Eseki, cha pili akakiita Sitna, naye hakufungua kesi wala hakuitisha mkutano wa hadhara. Alichimba cha tatu, hawakukigombania, akakiita Rehobothi (Mwanzo 26). Mheshimiwa, sisi tuko Sitna.

Ugomvi wa aina hii ukiachwa unafika wapi, mkoa wa Morogoro unajua. Desemba 2000, Rudewa-Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: lambo upande wa malisho, ili ng'ombe wasivuke mashamba kwenda mtoni. Hesabu yake tunayo. Ng'ombe wa kienyeji hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku wakati wa kiangazi. Kwa ng'ombe 1,000, tukichukua lita 30, ni lita 30,000 kwa siku, na kwa siku 150 za Juni hadi Oktoba ni mita za ujazo 4,500. Jua nalo hunywa. Milimita 6 kwa siku ni karibu sentimita 90 hadi mvua zirudi, na lambo lenye uso wa mita za mraba 4,000 hupoteza hivyo mita za ujazo 3,600 bila ng'ombe hata mmoja kulisogelea. Ukiongeza yanayozama ardhini, lambo la chini ya mita za ujazo 10,000 ni la kupigia picha. Na liwe na kina, kwa sababu lambo pana lenye kina kifupi linachimbiwa jua.

Tuta lijengwe kwa udongo wa mfinyanzi, ukishindiliwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 20 ukiwa na unyevu. Ukimwagwa wote kwa mara moja na kupitiwa juu na katapila, maji hupata njia katikati na tuta huondoka msimu wa kwanza. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, uwe pembeni, kwenye ardhi ngumu isiyochimbuliwa, usiwe juu ya tuta. Juu ya tuta ziote nyasi, si miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mashimo. Na ng'ombe wasiingie majini, kwani wakiingia wanabeba tope ndani na kubomoa kingo. Bomba la inchi 3 lipite chini ya tuta hadi kwenye birika, lambo lizungushiwe minyaa. Birika la mita 12 hunywesha ng'ombe 40 kwa pamoja, pande mbili. Kwa ng'ombe 1,000 ni saa nne na zaidi. Tunaomba mabirika mawili, maana foleni ya saa nne nayo huzaa ugomvi wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, lambo hili si geni masikioni mwa Serikali. Limeahidiwa na wageni rasmi watatu katika sherehe hii hii. Wa kwanza alisema liko kwenye mchakato. Tulimpigia makofi na kumpa beberu. Wa pili aliweka jiwe la msingi. Jiwe lipo hadi leo, maandishi yamefifia, na watoto wanaochunga hulikalia wakila mihogo. Wa tatu alileta katapila, na tunamshukuru kwa dhati. Lilichimba siku nne, dizeli ikaisha, likaondoka kufuata dizeli. Liliacha shimo la kina cha mita moja na nusu ambalo hukauka Agosti na kubaki tope la kunasa ndama. Hatumlaumu yeyote. Tunayataja kwa kuwa yamo katika mihtasari yetu, na mihtasari imo katika kabati lenye kufuli mbili.

Upande wetu hakuna kinachosubiriwa. Mkutano mkuu wa kijiji umetenga eneo na muhtasari umesainiwa. Mawe na mchanga wa mabirika tumekusanya, na nguvukazi ya kupanda minyaa itatoka kwa wakulima na wafugaji kwa pamoja, zamu kwa zamu. Kilichobaki ni mhandisi wa kupima, kibali cha bodi ya maji ya bonde, na fungu.

Bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai inaandaliwa sasa, na uchimbaji hauna budi kukamilika kabla ya mvua za Novemba. Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba safari hii usituahidi lambo. Tunaomba utuambie, kabla ya chakula, jina la mhandisi na tarehe atakayokuja kupima. Katibu wetu ameketi karibu nawe na kalamu, na nakala tatu.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Haki na Amani, na kusomwa na Katibu.