Mazoezi ya mkono yafike shehiani

Mhariri,

Naandika kuhusu mazoezi ya mikono kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayodhoofisha au kukaza viungo, hapa Pemba. Mzazi wa Micheweni akikosa nauli ya kwenda mjini, mazoezi ya mwanawe nayo husita.

Mkono dhaifu hauamki kwa kunyooshwa na mtaalamu tu. Mtoto mwenyewe autumie, tena na tena, kwa jambo analolitaka: kushika kikombe, kumenya ndizi, kufunga kifungo. Aliyeathirika upande mmoja huweza kuvishwa soksi kwa muda kwenye mkono ulio mzima, ili ule mwengine ufanye kazi. Mama akielekezwa vizuri, haya atayasimamia barazani kwake.

Naiomba Wizara ya Afya iwafunze wahudumu wa afya wa jamii kuwaelekeza wazazi majumbani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo apite kila shehia kuwakagua watoto.

Mzazi,
Wete, Pemba