Mnamsifu kijana aliyepakia SMG kwenye bodaboda?

Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya, lakini ile habari yenu ya kijana aliyeokota SMG, bunduki ya kivita, shambani, akaitia kwenye kiroba na kupanda nayo bodaboda mpaka kituo cha polisi, imenishinda. Mmemwita mzalendo. Picha mkaiweka kubwa, kijana kaikumbatia na mtutu unamtazama mpiga picha, afande pembeni anachekelea.

Bunduki iliyofukiwa ardhini hujui kama ina risasi chemba, na kutu si dalili kwamba imekufa. Huko jirani Ngara, Novemba 2017, mtoto aliingia na bomu la mkono Shule ya Msingi Kihinga akidhani ni chuma chakavu. Watoto watano walikufa. Mwandishi wenu hakukumbuka hilo? Na kijana wenu angekutana na kizuizi njiani, nani angemwamini kwamba anakwenda kuisalimisha? Silaha bila leseni ni kesi ya uhujumu uchumi, miaka 20 hadi 30. Angesota mahabusu akisikia kila tarehe kwamba upelelezi haujakamilika.

Nasema hivi kwa sababu yametukuta. Mpwa wangu alikuwa anachimba shimo la choo, huku kwetu mkoani Kigoma, jembe likagonga chuma kilichofungwa kwa nailoni. Kuchungulia, bunduki. Akafanya kila mnachotakiwa kuwafundisha watu: hakuigusa, akawafukuza watoto, akamwacha mdogo wake alinde kwa mbali na kunipigia simu. Mwenyekiti wa kitongoji tulipomwambia akajibu, “Mzee, mimi hilo sijalisikia,” akapanda baiskeli yake. Basi nikaenda kituoni mwenyewe, mikono mitupu, nikijua nitapokewa kama raia mwema. Swali la kwanza: umejuaje kwamba ni SMG? La pili: nani mwingine anajua? Nimezaliwa mpakani, nimeishi na wakimbizi wa Burundi tangu 1993 na wa Kongo waliofuata, nisiijue SMG? Simu yangu ikachukuliwa, nikawekwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua linataka kuzama. Kisha nikaambiwa gari lipo ila mafuta hakuna, mzee utatusaidiaje. Nikatoa ya mafuta. Walipofika shambani waliichukua bunduki, wakamchukua na mpwa wangu “kwa maelezo mafupi”, na maelezo hayo mafupi akayalalia sakafuni na wezi wa kuku. Aliporudi, mama yake alimwambia mbele ya kijiji kizima kwamba siku nyingine akiona chuma ardhini afukie achimbe pengine. Kijiji kilisikia. Tangu hapo sijasikia mtu yeyote ameokota kitu, na Malagarasi ni mto mpana.

Halafu habari yenu ikachanganya SMG na magobore kana kwamba ni ukoo mmoja. Gobore la mhunzi, la kujaza baruti kwa mdomo, mkulima analo kwa ajili ya nguruwe pori na nyani. Najua halina leseni, simtetei. Lakini muulizeni afisa wanyamapori mara ngapi amefika kabla mahindi hayajaisha, na hicho kifuta jasho cha walioharibiwa na wanyamapori, kinachotajwa kwenye kanuni, kinamfikia nani, na mwaka gani. Mtu aliyepoteza shamba lote kwa usiku mmoja mnamtaka asalimishe gobore kwa hiari, kisha ajilinde kwa debe na filimbi.

Msamaha wenyewe wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari nao umepangwa na mtu asiyelima. Mwaka 2022 ulitangazwa kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31. Huku kwetu sehemu kubwa ya miezi hiyo ardhi bado ngumu, tunasubiri mvua. Majembe yanaingia ardhini Novemba na Desemba, na hapo ndipo vitu vilivyofukiwa huibuka, msamaha ukiwa umeshafungwa. Wausogeze mpaka palizi iishe, Februari. Na wamtenganishe aliyeficha na aliyeokota: anayeokota asihitaji msamaha, maana amekosa nini?

Kila ofisi ya mtendaji wa kijiji iwekewe kitabu cha stakabadhi chenye kopi tatu, ya mwokotaji, ya mtendaji na ya mkaguzi wa polisi wa kata. Iandikwe saa, mahali, na kwamba silaha haijaguswa. Polisi waifuate hukohuko ilipo, na mafuta yao. Nanyi gazetini, badala ya picha ya bodaboda, chapeni namba ya dharura ya polisi, 112, kwa herufi kubwa kila Jumatatu msimu mzima wa kilimo. Nafasi ikikosekana, punguzeni yale matangazo ya waganga wa kurudisha wapenzi.

Mstaafu mkulima,
Kigoma