Hundi kubwa kama mlango, na kifungu mlichokiruka

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lenu na kunyamaza. Ila ile habari ya vijana waliosaini na mchapishaji wa gemu wa ng'ambo imenishinda. Mwandishi wenu anasema wamepata "zawadi ya dola 100,000", na juu yake picha ya hundi kubwa kama mlango wa duka. Zawadi ya nani? Ile ni advansi, yaani mrabaha uliotangulizwa. Gemu ikidorora hawadaiwi mfukoni, hilo kweli. Gemu ikiuza, mchapishaji anajilipa kwanza, wenye jasho wanangoja mlangoni.

Wala fedha hizo haziji kwa mkupuo. Hutolewa kwa hatua: kiasi wakisaini, kiasi sehemu ya kwanza ikichezeka, kisha alfa na beta, yaani matoleo ya majaribio, na toleo la mwisho, na kila hatua hulipwa mchapishaji akishaikubali kazi. Mkataba usipomwekea muda, anaweza kuikalia kazi miezi miwili huku studio inadaiwa pango na mishahara. Kinachotakiwa ni mstari mmoja tu: ana siku 10 za kazi, akinyamaza imekubaliwa, akikataa aorodheshe kasoro kwa maandishi.

Sasa hesabu ambayo mwandishi wenu hakuigusa. Mkataba mmoja wa namna hiyo ulifika mezani kwangu, kampuni siitaji: advansi dola 100,000, matangazo dola 60,000, mgawo nusu kwa nusu "baada ya kurejesha gharama". Tuseme gemu inauzwa dola 20. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inakata asilimia 30, dola 6, zinabaki 14. Na hapo sijatoa kodi ya mauzo wala nakala zinazorudishwa, kwa kuwa mnunuzi ana siku 14 za kudai fedha zake kama hajacheza zaidi ya saa 2. Je, zile dola 160,000 zinarejeshwa kutoka fungu lipi? Zikitoka kwenye dola 14 kabla ya kugawana, nakala 11,429 zinamaliza kazi. Mkataba ule ulisema zitoke "katika mgawo wa mtengenezaji". Maneno manne! Mgawo huo ni dola 7, kwa hiyo zinahitajika nakala 22,858 kabla vijana hawajaona hata senti, na muda wote huo mchapishaji anachukua dola 7 zake kwa kila nakala kana kwamba hakuna anachodai. Siku gharama zinapokwisha kurejeshwa, zimeingia dola 320,000 na zote ziko kwake. Tena hiyo ni kwa bei kamili. Ikiuzwa nusu bei wakati wa punguzo, idadi ya nakala inakuwa mara mbili. Na zile 60,000 hazikuwekewa kikomo, ziliitwa "gharama zinazofaa". Zinazofaa kwa nani? Tiketi za ndege za kwenda kwenye maonyesho zinaingia humo, hoteli zinaingia, chakula cha jioni kinaingia, na mtengenezaji asiye na haki ya kukagua vitabu angalau mara moja kwa mwaka hatajua nani alikula nini. Kifungu kingine kinaruhusu hasara ya gemu ya kwanza ifidiwe na mapato ya gemu ya pili. Ukisaini hicho, umeweka rehani kitu ambacho hujakitengeneza.

Msidhani wakubwa wanapona. Studio ya Obsidian ya Marekani ilipotengeneza gemu ya Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010, bonasi yake ilifungwa kwenye alama 85 za Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Gemu ikapata 84.

Na kodi? Tanzania haina mkataba na Marekani wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Studio ya hapa ikiuza yenyewe Steam, inajaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN-E (mtu binafsi hujaza W-8BEN), na bado inakatwa asilimia 30 ya fungu lake la mauzo ya Marekani. Hilo nalo halikutoshea pembeni mwa hundi.

Kwa kuwa nimeshaanza, niseme na haya mashindano ya ubunifu mnayoyatangaza kila mara. Someni fomu zake, ukurasa wa nyuma. Nimeona inayompa mwandaaji haki ya "kazi zote zitakazowasilishwa", pamoja na za walioshindwa. Kijana anapeleka wahusika, michoro na muziki, anarudi na fulana. Mchapishaji akija baadaye kuuliza karatasi za umiliki, yaani saini ya kila mchoraji, mpiga kinanda na mtunga programu kwamba amehamisha haki zake kwa studio, atakuta sahihi moja iko kwa mwandaaji wa mashindano, na hapo mazungumzo yameisha.

Pendekezo langu ni hili. Mkichapisha tena picha ya hundi ya gemu, chini yake muweke kifungu cha kurejesha gharama, kwa herufi za ukubwa uleule wa tarakimu za kwenye hundi. Nafasi ikiwa finyu, kateni watu wa pembeni waliokuja kushika kona za hundi. Na lile neno "zawadi" lisahihishwe toleo lijalo, ukurasa uleule.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam