Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha

YAH: KUANDIKA KIWANGO CHA SHAKA KATIKA MAJIBU YA MAABARA

Ndugu Mganga Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Arusha, na ninaandika kuhusu jambo ambalo maabara zetu zinalijua lakini haliwafikii wanaoandika dawa.

Mgonjwa aliyefunga tangu usiku anapimwa sukari na karatasi yake inaandikwa 7.1. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu aliyefunga ikifika milimoli 7.0 kwa lita huhesabiwa kuwa kisukari. Lakini mashine ileile ikirudia sampuli ileile haitoi 7.1 kila mara. Maabara inayopima kontroli (sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana tayari) kila asubuhi na kutunza majibu yake kwa miezi kadhaa hujua yanatawanyika kiasi gani. Yakitawanyika kwa asilimia 2.5, tukizidisha mara mbili kama ilivyo desturi tunapata asilimia 5, yaani 7.1 ile inaweza kuwa popote kati ya 6.7 na 7.5; upana huo ndio kiwango cha shaka. Mgonjwa asiye na dalili anastahili kupimwa tena kabla ya kuambiwa ana kisukari, na hatua hiyo ni rahisi kurukwa pale karatasi inapoonyesha namba tupu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 15189, toleo la 2022, kinazitaka maabara zikokotoe shaka hiyo na kuwapa watumiaji wanapoiomba. Hapo ndipo penye kasoro, kwa maana tabibu wa zahanati hawezi kuomba kitu ambacho hajawahi kuambiwa kipo. Ninaiomba ofisi yako ielekeze kwamba kila jibu lililo karibu na mpaka wa uamuzi, kama ile 7.0, liandikwe pamoja na kiwango chake cha shaka, na ushauri wa kurudia kipimo.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haigusi yanayotokea kabla sampuli haijafika mezani. Damu iliyotolewa katika zahanati ya miteremko ya Meru na kusubiri pikipiki ya kwenda mjini haitulii: seli zake zinaendelea kutumia sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba, hivyo 7.4 huweza kusomeka 6.6 baada ya saa mbili na mgonjwa akaambiwa hana tatizo. Mrija wa kifuniko cha kijivu wenye floridi husaidia, lakini hauzuii upungufu wa saa ya kwanza na ya pili. Plazima, yaani majimaji ya damu, itenganishwe na seli mapema au sampuli isafirishwe kwenye barafu, na fomu ionyeshe saa ya kutoa damu na saa ya kupokelewa.

Yote haya yanategemea kontroli, na nimeona vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikinunuliwa huku kontroli zikiachwa kana kwamba ni anasa. Chati ya majibu ya kontroli inapoonyesha nukta kumi mfululizo upande mmoja wa wastani, hata kama zote zimo ndani ya mipaka, tunajua mashine imeanza kuegemea upande huo na tunaizuia kutoa majibu hadi chanzo kijulikane. Pasipo kontroli chati hiyo haipo, na wagonjwa wanaendelea kupokea majibu.

Ninaomba kontroli zitengewe kifungu chake katika bajeti ijayo ya mkoa, nisilazimike kuzibana ndani ya fedha za vitendanishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara, Arusha